Dama Alipoanza Kukosa Nyimbo

Mwezi uliopita tuktuk ya mume wangu iligoma pale Bombolulu, nikaandamana naye kwa fundi wa betri. Fundi alikuwa amevunja betri kuukuu juu ya gunia, anayeyusha vipande vyake ndani ya sufuria iliyokaa juu ya makaa. Moshi ulinifikia kabla sijateremka. Harufu ile ni kali, chachu, tena ina ladha. Inakukaa chini ya ulimi kama umelamba msumari. Nilimwambia fundi azime moto wake. Aliponijibu, "Mama, hii ni kazi," nilimpigia kelele mpaka wenye maduka wakatoka nje. Nilimuuliza ana watoto wangapi, wanalala wapi, nani anafua nguo zake. Watu wakadhani nimerukwa na akili. Mume wangu akawaomba radhi kwa niaba yangu, na hilo likanikera kuliko moshi wenyewe.

Kwa hivyo nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliolelewa kwenye nyumba za vyumba vya kupanga, choo kimoja, mfereji mmoja, na kila mtu akijua jirani amepika nini. Nikishawasimulia, nyinyi hamtaniuliza kelele zile zilitoka wapi.

Sisi tulikaa Changamwe, kwenye ploti ya Bi Zuhura, upande wa nyuma wa maghala, ambako malori hupita mchana kutwa na vikombe hutetemeka kabatini. Bi Zuhura alikuwa mjane wa Kimvita. Chumba chake kilikuwa cha mbele, na redio yake haikujua kitu kingine isipokuwa taarabu. Aliyefuatia ni Mama Atieno, aliyekaanga samaki barazani. Kwake ilipigwa benga, na siku za mauzo mazuri, rumba ya Kikongo. Kilonzo, utingo wa malori, alikuwa na simu iliyojaa rege na bongo fleva, na nyimbo za sinema za Kihindi alizotiliwa dukani bila kuziomba. Kisha sisi, Wagiriama wa Kaloleni: Baba, Mama, mimi Kadzo, na mdogo wangu Dama. Mama aliimba za kwaya asubuhi, na akifurahi sana aliingia mwanzele, ngoma ya kwetu, mabega yakimcheza peke yake huku anakuna nazi.

Mchezo wetu uliitwa Nipe Neno. Sijui nani aliuanzisha. Alasiri, wanawake wakichambua mchele au kusukana nywele, mmoja husema neno lolote. Anayefuata lazima atoe wimbo uliomjia kichwani kwa neno lile, auimbe kidogo, kisha aeleze umemjiaje. Halafu naye atoe neno. Ukikosa wimbo, unaamka kuchota maji ya wote. Kwa njia hiyo Mama Atieno alijua kaswida, na Bi Zuhura, na ushungi wake wote, alijua rege.

Dama ndiye aliyekuwa mfalme wa mchezo ule, na alikuwa hata hajaingia darasa la kwanza. Sisi wengine tulitafuta wimbo wenye neno tulilopewa. Yeye hakutafuta, wimbo ulimjia wenyewe, kwa njia zake. Nakumbuka Bi Zuhura alimpa neno "ufagio," Dama akaanza rumba ya Kikongo, maneno yote ameyavuruga lakini sauti iko palepale.

"Ufagio na Kongo, wapi na wapi?" Bi Zuhura akauliza.

"Mama Atieno akifagia huimba huu," Dama akasema. "Ukiisha wimbo, na ua umekwisha."

Mama Atieno alicheka mpaka akaweka chini sinia la mchele. Kilonzo akampa "ndoo," akidhani amemweza. Dama akaimba wimbo wa mazishi, taratibu, kwa sababu siku tuliyomzika nyanya yetu ndoo ya shangazi ilipasuka na maji yakamwagikia viatu vya mchungaji. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekumbuka viatu vya mchungaji. Alipovitaja, tukaviona.

"Huyu ana santuri kichwani," Bi Zuhura alimwambia Mama. "Mtunze."

Mama alimtunza. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walisema maneno.

Nyuma ya ukuta wetu palikuwa na ghala bovu lenye popo. Wakaja watu wakalipaka rangi, wakasimamisha bomba la moshi, na malori yakaanza kuleta betri kuukuu za magari, rundo juu ya rundo. Wakaajiri wanaume wa mtaani. Baba, ambaye kwa miaka alikwenda bandarini kusubiri kibarua na mara nyingi kurudi mikono mitupu, alipata kazi ya kila siku. Mama alipika pilau. Mimi niliamini lile bomba ndilo linalotengeneza mawingu ya Changamwe, nikajivuna shuleni kwamba baba yangu anatengeneza mvua.

Jioni Baba alirudi na ovaroli ya buluu iliyogeuka kijivu. Dama alimrukia mlangoni, akauzika uso tumboni mwake. Mfukoni mwa ovaroli ile palikuwa na pakiti ya maziwa. Kiwanda kiliwapa wafanyakazi maziwa kila siku, na Baba hakunywa ya kwake hata mara moja, alimletea Dama. Dama aliikata kona ya pakiti kwa meno, akafyonza, vumbi na yote. Mimi niliona wivu, nikaambiwa mimi ni mkubwa. Kisha Mama aliichukua ovaroli akaifua kwenye karai, na karai lile lile likafulia sare zetu.

Mwanzo lilikuwa tumbo. Dama alijikunja kitandani, akakataa chakula. Halafu akawa mkali, yeye ambaye hata kuku hakuwafukuza. Alirusha sahani. Alimsukuma mtoto wa jirani kwa kosa la kumtazama tu. Halafu nyimbo zikaanza kupungua.

Alasiri moja Bi Zuhura alimpa neno jepesi kusudi, kwa kuwa alimwona hana raha. "Haya, Dama. Pete."

Neno pete lilikuwa na wimbo wake pale uani, taarabu ambayo redio ya Bi Zuhura iliipiga karibu kila siku, na Dama alikuwa ameushika kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni. Alifungua kinywa. Tukangoja.

"Naujua," akasema. Akagusa koo. "Uko hapa. Umekwama."

Kilonzo akaanza kumpigia mluzi wa sauti ile, polepole, amwonyeshe njia.

"Usinisaidie!" Dama akapiga kelele, kisha akaanza kujipiga kichwani kwa ngumi, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa chumba chake mwenyewe.

Bi Zuhura akamshika mkono. "Basi, mwanangu, basi. Utakuja kesho."

Haukuja. Na kila siku ilichukua mwingine. Mimi, kwa akili zangu za wakati ule, niliamini nyimbo huisha kama sabuni, na kwamba Dama alizitumia ovyo. Nilimwambia anyamaze, aziweke zilizobaki.

Shuleni, mwalimu wake alimchapa kwa kushindwa kutamka irabu alizozijua muhula uliotangulia. "Huyu hana ugonjwa, anadeka," alimwambia Mama. Mwalimu yule nimekutana naye juzi juzi, mzee sasa, akanishika mkono kwa furaha na kuniuliza habari za nyumbani. Nilimwamkia kama adabu inavyotaka. Shikamoo ile ilinichoma koo.

Zahanati walimpa dawa ya minyoo. Mama akamrudisha, wakampa nyingine ya minyoo. Akamrudisha tena, wakamuuliza kama anampikia mtoto mboga. Wakati huohuo bata wa Bi Zuhura, waliokuwa wakinywa maji ya mtaro unaotoka chini ya ukuta wa kiwanda, walikufa mmoja baada ya mwingine, shingo zimepinda. Watu wazima wote wa ploti waliwaona. Wakawazika, wakaendelea na kazi zao. Leo mimi ni mtu mzima, nina watoto, na bado sijaelewa iliwezekanaje.

Aliyeona alikuwa daktari wa kike aliyeletwa pale zahanati kwa muda tu. Alimtazama Dama ufizi, akauliza Baba anafanya kazi wapi, akatoa damu ikapelekwa kupimwa mbali. Tuliporudi kwa majibu nilikuwepo, maana Mama alitaka nimsaidie kumbeba. Daktari alifunga mlango.

"Mama," akasema, "damu ya mtoto huyu ina risasi. Tena nyingi."

Mama alikaa chini. Mimi nilibaki nimesimama, nimeduwaa. Madini yale ya ndani ya betri sikuwa nimewahi kuyasikia jina. Risasi niliyoijua mimi ni ile inayotoka kwenye bunduki.

Nyumbani nilijitolea kumwogesha Dama, nikatafuta tundu. Nilikagua mgongo, makwapa, nyuma ya masikio.

"Ulipigwa lini?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Iliuma wapi?"

"Tumbo," akasema, na nikamwamini kabisa, nikalibonyeza tumbo lake nikitafuta kitu kigumu.

Mtaani kwetu mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na bunduki: askari wa geti la kiwanda. Siku ya pili nilitoka shuleni nikaenda moja kwa moja, mkoba mgongoni, nikasimama mbele yake.

"We mtoto, wataka nini?"

"Kwa nini ulimpiga mdogo wangu risasi?"

Alitazama kulia na kushoto. "Nani kakwambia?"

"Daktari. Amesema iko kwenye damu yake. Nyingi."

Askari aliangua kicheko, akamwita mwenzake, akanitaka nirudie. Nikarudia. Walikuwa bado wanacheka gari la meneja lilipofika, kioo kikateremka, na askari akamsimulia, akifuta machozi, jinsi mtoto huyu anavyomsingizia kumtia mdogo wake risasi kwenye damu. Meneja hakucheka. Yeye aliijua risasi ni nini. Alinitazama kidogo, halafu akauliza jambo moja tu: "Huyu ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la baba yangu, kwa sauti, tena kwa fahari. Kioo kikapanda.

Siku hiyohiyo Baba aliitwa ofisini, akaambiwa aitulize familia yake kama anaipenda kazi. Alirudi nyumbani mapema, hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda na ovaroli yake. Mama alisimama mlangoni, hakumkaribisha.

"Daktari ameniuliza mtoto anakula nini kinachotoka kule," Mama akasema. "Nikamwambia maziwa. Akaniuliza kwa nini kiwanda cha betri kigawe maziwa. Nikakosa la kumjibu. Nijibu wewe."

Baba akasema, "Walituambia maziwa husafisha ile sumu tunayovuta. Moshi unafika mpaka hapa uani, na Dama ndiye mdogo. Nikasema, bora yamsafishe yeye."

"Kwa hivyo ulijua kuna sumu."

Mama hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliingia ndani, akalichukua lile karai, akalitoa nje ya ua na kulitupa barabarani, na lori likapita juu yake.

Baba nimekwisha kumsamehe. Alikuwa mtu aliyepewa kinywaji chenye faida akakinyima kinywa chake. Waliomfanya aamini kwamba pakiti ya maziwa inatosha, waliokaa kwenye ofisi yenye feni na kuhesabu kwamba maziwa ni rahisi kuliko barakoa na bafu, hao sikuwasamehe, wala simtafuti mtu wa kunishawishi.

Bi Zuhura hakukubali yaishie hapo. Alijifunga buibui akazunguka ploti kwa ploti, na kumbe kila ploti iliyopakana na ukuta ule ilikuwa na mtoto anayeumwa tumbo, mtoto aliyeacha kucheza, mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Wanawake walimganda chifu mpaka akaitisha baraza kwenye uwanja wa shule. Meneja alikuja na shati jeupe, akaketi upande wa chifu, chini ya turubai. Sisi tulikaa juani.

Aliongea kwa upole. Alisema kiwanda chake kina vibali vyote. Alisema watoto hupenda kula udongo. Alisema kama akina mama wangewaosha watoto wao mikono, pasingekuwa na matatizo haya.

Bi Zuhura akasimama. "Kijana, mimi nimelea wana na wajukuu kwa mikono hii. Usinifunze kuosha mtoto. Twambie bomba lako latoa nini."

"Bi Zuhura, tuheshimiane," chifu akasema. "Kiwanda ni maendeleo. Waume na vijana wenu wanakula hapo."

"Na wanafia hapo hapo!"

Watu wakapiga kelele, chifu akagonga meza. Ndipo Mama aliponyanyuka, amemshika Dama mkono, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya turubai. Mama hakuwa msemaji. Sikuwahi kumwona akisimama mbele ya wanaume.

"Chifu," akasema, "mpe mtoto huyu neno."

"Neno gani?"

"Lolote. Mpe neno, yeye atoe wimbo."

Chifu akamtazama meneja, akaona aibu kidogo, akasema, "Maji."

Maji! Mtoto aliyekuwa na nyimbo za maji za kila aina: ya kwaya, ya wavuvi, ya chakacha, ya tangazo la sabuni, ile ya Kilonzo ambayo Mama alimkataza. Dama alisimama pale na gauni lake la kanisani. Akafungua kinywa. Mimi nikawa nasema moyoni, mmoja tu, Dama, hata wa tangazo. Alitazama viatu vyake. Akamgeukia Mama.

"Twende nyumbani," akasema.

Mama Atieno alianza kulia kwa sauti. Kilonzo aliondoka, akaenda kuuegemea ukuta wa darasa, uso kwenye matofali. Bi Zuhura aliketi ghafla kama aliyesukumwa. Nikamtazama meneja, nione naye ameguswa vipi. Alikuwa anatazama saa yake. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba pale mbele yake yeye hakuona kitu chochote. Aliona mtoto asiyejua wimbo, na watoto kama hao wako wengi. Kilichoibwa tulikiona sisi tu tuliokaa naye uani, na mwizi alikuwa na haki ya kuuliza, kimeibwa nini?

Baraza lilifungwa kwa sala.

Baba aliacha kazi, tukahamia Mwakirunge, akaenda kuponda mawe na mikono ambayo tayari ilikuwa imeanza kulegea. Daktari yule wa kike alihamishwa. Kiwanda kiliendelea kutoa moshi mpaka watoto wa ploti nyingine walipoanza kuzikwa na watu wa magazeti wakaja. Ndipo wenye mali wakafunga, wakaondoka na mashine zao. Hawakuondoka na udongo. Nilipita pale mwaka jana. Ghala limepangishwa kuhifadhi mchele, na chini ya ukuta ule watoto wa watu walikuwa wanacheza gololi, magoti yamekaa kwenye vumbi. Niligonga mlango mmoja mmoja kuwaambia mama zao. Wengine walinisikiliza. Mmoja aliniuliza kama natafuta kura.

Dama anaishi nami sasa, Frere Town. Ni mwanamke mzima, mzuri wa sura, anachana nywele zake mwenyewe. Hupika chai, humbembeleza kitinda mimba wangu vizuri kuliko mimi. Akitumwa dukani sharti arudie maneno njiani, na akisalimiwa na mtu, yanampotea. Wimbo unaopigwa leo anaupenda leo. Kesho ni mgeni kwake. Majirani wanaojua habari zake huniambia nimshukuru Mungu kwamba yu hai. Namshukuru Mungu kwa mambo mengi. Kwa hilo, waniache kidogo.

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya msamaha, akasema hasira ni mzigo na mwenye busara huutua. Niliondoka kanisani nimekasirika kuliko nilivyoingia. Alasiri tulikaa jikoni, Dama na mimi, tunaambua mbaazi, nikajikuta namuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Dama, wewe huna hasira na wale watu?"

Mkono wake ukasita juu ya ungo. "Watu wa kiwanda?"

"Ndiyo."

"Ninayo," akasema. "Ikija, huja kubwa." Alifikiri kwa muda mrefu, nami nikamwacha, nimejifunza kutomsaidia. "Halafu nasahau ilikuwa ya nini."

Akaambua mbaazi nyingine. Kisha akaniinulia uso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kumkabidhi mwenzake mtoto ili apate kufunga leso vizuri:

"Dada, wewe nishikie."

"Lete," nikamwambia. "Nimeshika."